Kibasila Si Jina la Shule Tu

Ukitaka kujua tumeitunzaje historia ya Uzaramo, fanya jaribio dogo. Muulize mtu yeyote aliyekulia Dar es Salaam: Kibasila ni nini? Atakujibu bila kufikiri kwamba ni sekondari, ipo Temeke. Sasa muulize Kibasila alikuwa nani. Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Kibasila alikuwa jumbe wa Kisangire, ndani ya Uzaramo, nchi ambayo leo tumeigawa kwa majina ya Kisarawe, Kibaha, Mkuranga na vipande vikubwa vya Dar es Salaam. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani chini ya Gavana von Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja. Kila jumbe alipewa shamba, na watu wake walitakiwa kulilima siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa kati ya wakubwa na wakulima, na waliolima wakaambulia senti 35 kwa kazi ya mwaka mzima. Baadhi yao walikataa hata kuzipokea. Kibasila alikuwa miongoni mwa majumbe waliogoma kuwalazimisha watu wao kulima pamba hiyo. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905 aliingia vitani, na mwisho Wajerumani wakamnyonga.

Hiyo ndiyo habari yake kwa kifupi, na hata hiyo niliipata chuo kikuu, kwenye vitabu vya Kiingereza. Nimekulia Kibaha. Nilisoma shule ya msingi umbali wa safari ya daladala kutoka nchi aliyoishi Kibasila, na katika miaka yote saba hakuna aliyelitaja jina lake darasani. Tuliwasoma Mkwawa, Mirambo na Mangi Meli, na walistahili. Lakini ilikuwa kana kwamba historia ni kitu kilichotokea mikoa mingine, halafu sisi wa Pwani tukaletewa kwenye daftari.

Ninachotaka kusema hapa ni hiki: Uzaramo haukukosa historia, wala haukukosa wa kuiandika. Kilichokosekana ni watu wa hapahapa, waliokaa pamoja kama chama, wakaiweka historia hiyo mahali ambapo wenyewe wangeweza kuifikia. Na muda wa kulifanya hilo unatuponyoka.

Waliokuja, wakaandika, wakaondoka

Tuanze na walioandika, maana orodha yao si fupi.

Richard Burton alipita Uzaramo mwaka 1857 akienda Tanganyika na mwenzake Speke. Kitabu chake kilitoka mwaka 1860, na kina kurasa nyingi kuhusu Wazaramo: mavazi yao, nyumba zao, hongo walizodai njiani. Ni kurasa za mtu mwenye haraka na dharau, lakini zipo, na hadi leo mwanafunzi anayetafuta maelezo ya zamani ya Wazaramo anaanzia kwa Burton.

Baadaye akaja mtu wa aina nyingine kabisa. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa Dunda, bara ya Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 kikachapishwa huko Ujerumani kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichohaririwa na Carl Velten. Sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni ya Mtoro. Huyu ni mmoja wa waandishi wetu wa mwanzo wa nathari katika Kiswahili kilichochapwa, na alikuwa kijana wa Uzaramo. Mwaka 1905 alijaribu kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani. Walipofika Tanga wakuu wa koloni wakakataa mkewe ashuke, kwa kuwa ndoa ya Mwafrika na mwanamke mzungu ilikuwa kashfa kwao. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Kitabu chake kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1981. Nenda leo katika maktaba ya shule yoyote ya Kisarawe, omba kitabu cha Mtoro, uone utaletewa nini.

Kisha kuna wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin, waliofungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Mmoja wao, Martin Klamroth, aliandika kwa Kijerumani juu ya imani za Wazaramo. Wakaja maafisa wa Kiingereza na kile kitabu cha wilaya, ambamo kila bwana shauri alijaza habari za koo, majumbe na mipaka kadiri alivyosimuliwa. Miaka ya 1960 akaja Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, akaishi na wenyeji wa Bunju, na mwaka 1970 akatoa kitabu kizito juu ya miiko na alama za Wazaramo. Ukitaka kujua maana ya mti wa mkole katika kumtoa mwali, kitabu hicho kitakufaa sana.

Na si maneno tu yaliyosafiri. Kile kisanamu cha mti kiitwacho mwana hiti, chenye kiwiliwili cha mviringo na kichwa chenye vishungi viwili, alichopewa mwali akilee wakati amewekwa ndani, kimejaa katika makumbusho ya Ulaya na mikononi mwa wakusanyaji binafsi. Wapenda sanaa wa Ulaya na Marekani wanakijua kwa jina. Vijana wengi wa Msanga au Mzenga hawajawahi kukiona.

Siwalaumu wote walioandika. Bila wao tusingekuwa hata na hicho kidogo. Ila tazama mwelekeo: kila aliyekusanya alikusanya kwenda nje. Habari za Uzaramo zikakaa Berlin, London, Uppsala na Helsinki, na zilizo karibu kidogo zikakaa Dar es Salaam, kwenye nyaraka za taifa. Kwao wenyewe zikabaki kwenye vichwa vya wazee, na kichwa cha mzee hakina nakala ya pili.

Tatizo la kukosa mawe

Kwa nini Bagamoyo ina makumbusho na wageni, na Kisarawe haina foleni hiyo? Jibu la haraka ni mawe. Bagamoyo ina magofu ya Kaole, ina boma, ina misheni ya Wakatoliki na nyumba za ghorofa zenye milango ya nakshi. Mgeni anashuka garini, anapiga picha, anaelewa kwamba hapa pana historia. Uzaramo wa ndani ulijengwa kwa miti, udongo na makuti. Nyumba ikiisha umri inarudi ardhini, na mji ukihama hakibaki kitu ila miembe, minazi na makaburi.

Sheria yetu nayo inaupendelea ukuta. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Chochote cha baadaye kinahitaji kutangazwa na waziri. Fikiria maana yake kwa Kibaha na Kisarawe. Misheni ya 1892, haikufika. Stesheni za Soga na Ruvu kwenye reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, hazikufika. Mahali palipolimwa pamba ya Kibasila, ndiyo kabisa, maana pale hapana hata jengo.

Kwa hiyo watu wakizoea kwamba urithi ni gofu, wanahitimisha kwamba sisi hatuna. Nimelisikia hili ofisini, nimelisikia vijiweni, na nimelisikia hata kwa walimu. Hebu tuhesabu basi vilivyopo, bila kupitia gofu hata moja.

Tuna simulizi la Pazi Kilama. Linasema kwamba Wakamba waliposhuka pwani na kuwaelemea Washomvi, wavuvi na watengeneza chumvi wa ufukwe ule, Washomvi waliomba msaada kwa mwindaji mkubwa wa bara. Akawafukuza Wakamba, na tangu siku hiyo Washomvi wakawa wanampa ada, chumvi ikiwamo, na jina la Pazi likageuka kuwa cheo. Ndani ya simulizi hilo mna mkataba mzima kati ya watu wa bara na watu wa pwani, uliokuwapo kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860.

Tuna utani na Wanyamwezi na Wasukuma. Watu wanaucheka tu msibani bila kujua kwamba ulizaliwa njiani, katika misafara ya pembe iliyokatiza nchi hii kwenda na kurudi. Utani ni hati ya kusafiria iliyoandikwa kwa matusi ya kirafiki.

Tuna Pugu, ambayo leo imeangukia upande wa Dar es Salaam lakini ni mlango wa Kisarawe. Wamisionari wa Kibenediktini walifika hapo mwaka 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Bushiri, misheni yao ikavamiwa na baadhi yao wakauawa. Ni hapohapo Pugu ambapo Mwalimu Nyerere alifundisha miaka ya mwanzo ya 1950 mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 akishike chama. Tuna Minaki, ambako Waanglikana walihamishia chuo chao kutoka Kiungani, Zanzibar, mwaka 1925.

Kibaha nako kuna historia ambayo watu wanapita kando yake kila siku wakielekea Chalinze. Mwaka 1963 nchi za Nordiki ziliungana na serikali ya Tanganyika kuanzisha mradi mmoja wenye sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Ulikuwa mradi wa kwanza wa msaada ambao nchi hizo ziliufanya kwa pamoja popote duniani. Tarehe 10 Januari 1970 ukakabidhiwa kwa Tanzania, na ndilo Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua. Rais mstaafu Jakaya Kikwete ni mmoja wa waliosoma pale miaka hiyo ya mwanzo. Waliofyeka pori lile, waliopika jikoni, mabinti waliojifunza uuguzi Tumbi, wakulima waliokuja kwenye kozi: wengi wao wana miaka zaidi ya 75 sasa. Ripoti za wafadhili zimehifadhiwa vizuri tu katika nchi zao. Upande wa pili wa hadithi hiyo, wa waliopokea mradi na walioutumikia, unategemea tutakwenda kuuliza lini.

Na tuna majina. Maili Moja, maili moja kutoka wapi? Picha ya Ndege, picha gani na nani aliichora? Kwa Mfipa na Kwa Mathias, hao walikuwa nani, na walifikaje huku? Ukiuliza kituoni utapewa majibu matatu kabla gari halijajaa. Mji wenye majina kama haya unajisimulia wenyewe. Ni suala la mtu kukaa na kalamu.

Chama kidogo, daftari kubwa

Kila ninapozungumzia chama cha historia cha mji mdogo, watu hudhani naleta wazo la Ulaya. Kwa kweli tuna mifano yetu.

Mwaka 1966 wasomi na walimu wa Dar es Salaam walianzisha Chama cha Historia cha Tanzania. Kilitoa vijitabu vya bei nafuu ambavyo mwalimu wa sekondari angeweza kuvinunua. Mwaka 1968 ulifanyika utafiti wa Majimaji, ambapo wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu walitumwa wakati wa likizo kwenda kuwahoji wazee walioviona vita hivyo au waliosimuliwa na baba zao. Mwaka huohuo G.C.K. Gwassa na John Iliffe wakatoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo. Fikiria hesabu yake: kutoka 1905 hadi 1968 ni miaka 63. Aliyekuwa na miaka 15 wakati wa vita alikuwa na 78. Wangechelewa miaka kumi tu, wangekuta makaburi. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu Majimaji kwa mdomo wa Mwafrika tunakijua kwa sababu vijana wale walikwenda mapema.

Huko Bujora, nje ya Mwanza, Padre David Clement na wazee wa Kisukuma walianza miaka ya 1950 kukusanya ngoma, viti vya watemi na simulizi, na kikazaliwa kituo ambacho mpaka leo ndicho makumbusho ya Wasukuma. Padre alikuwa mgeni kutoka Kanada, lakini vitu vilibaki Usukumani.

Hapahapa Pwani, katikati ya miaka ya 1970, mradi wa Jipemoyo uliwaweka watafiti wa Kitanzania na wa Kifini katika vijiji vya magharibi ya Bagamoyo. Kanuni yao ilikuwa kwamba mwanakijiji ni mtafiti mwenzao, na kinachopatikana kijadiliwe naye kabla ya kwenda vitabuni.

Na Kenya, huko Lari, ambako usiku wa tarehe 26 Machi 1953 watu wa eneo moja walichinjana wakati wa Mau Mau, wenyeji walifungua makumbusho madogo ya amani. Waliokuwa Mau Mau na waliokuwa askari wa kulinda vijiji wakaketi chumba kimoja kusimuliana. Hapo historia ilifanya kazi ambayo mahakama isingeweza kuifanya.

Mifano hiyo yote ilianza na watu wachache na ratiba. Kibaha na Kisarawe zina walimu wastaafu, zina maafisa utamaduni katika halmashauri, zina vikundi vya ngoma, zina mashekhe na wachungaji wenye madaftari ya ndoa na vifo, na kila kijana ana simu yenye kinasa sauti. Tunajua kuendesha vikundi: VICOBA vinakutana kila wiki, vina katibu, vina mweka hazina, vina faini ya kuchelewa. Badilisha sanduku la fedha liwe sanduku la kaseti na picha, chama umekipata.

Yatakayotukwamisha

Nisiyafiche magumu, maana ninayaona.

La kwanza ni ardhi. Kibaha na Kisarawe ni nchi za viwanja sasa. Ukiingia kijijini na daftari kuuliza nani alikuwa wa kwanza kukaa hapa, mwenye nyumba haoni mtafiti, anaona dalali au wakili. Simulizi la ukoo linaweza kesho kuwa ushahidi kwenye baraza la ardhi. Kwa hiyo chama lazima kieleze tangu siku ya kwanza kinarekodi nini na kwa ajili gani, na msimulizi awe na haki ya kusema hili lisiandikwe.

La pili ni siri. Mambo ya mwali na mkole hayakuwekwa hadharani na wenyewe, na yana kungwi wake. Urithi wa wanawake hauwezi kukusanywa na kamati ya wanaume watano chini ya mwembe. Chama kisicho na kina mama wenye sauti ndani yake kitarudi na nusu ya habari, tena ile nusu nyepesi.

La tatu ni sifa. Kila ukoo utataka babu yake awe shujaa. Baadhi ya mababu hao walikuwa maakida wa Wajerumani, wengine walisimamia mashamba yaleyale ya pamba. Miaka ya 1970 tena, wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, kulikuwa na waliohamishwa na kulikuwa na waliohamisha, na wajukuu wao leo wanaswali msikiti mmoja. Historia inayowasema mashujaa wa Majimaji na kuwaficha hawa itakuwa risala ya mgeni rasmi. Lari wameonyesha kwamba pande mbili zinaweza kukaa.

Kwa nini sasa

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba radhi kwa yaliyofanywa na Wajerumani. Songea ilikuwa tayari kumpokea: ina makumbusho ya Majimaji, ina kaburi, ina familia zinazojulikana, ina kumbukumbu kila Februari ya mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Dunia ilipokuja kuuliza, palikuwa na watu wa kujibu. Mazungumzo ya kurudisha mabaki na mali yanaendelea. Siku yakigeukia Uzaramo, siku atakapotokea mtu na sanduku la mwana hiti kutoka Ulaya akauliza akabidhi kwa nani, nani atasimama?

Huku nyumbani mambo yanakwenda mbio. Treni ya kisasa inapita Pugu, Soga na Ruvu tangu 2024. Viwanda vinapanda, mashamba yanapimwa, makaburi yanahamishwa kupisha ujenzi, na kaburi likihama bila kuandikwa lilikuwa la nani, ukoo umepoteza ukurasa. Kizaramo chenyewe unakisikia kwa wazee; watoto wao wanakielewa kidogo, wajukuu wanakijua kwenye nyimbo za ngoma tu. Wakati huohuo mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu wa Maneromango anahitaji kitu cha kufundishia kilichotokea Maneromango, na hana.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, na nimeanza kulipigia simu. Watu kumi na wawili, nusu yao wanawake, Jumamosi moja kila mwezi, wakipokezana kati ya Kibaha na Kisarawe. Kazi ya mwaka wa kwanza iwe moja tu: kijitabu cha kurasa 40 kwa Kiswahili kuhusu Kibasila na pamba yake, chenye tunayoyajua kutoka vitabuni na watakayosimulia wajukuu wa waliolilima shamba lile. Kiuzwe stendi, kwa bei ya soda mbili, na nakala moja iende bure kwa kila shule ya wilaya hizi. Nyingine tuipeleke Temeke, kwa wale wanafunzi wanaovaa jina lake kifuani kila asubuhi.